Faili la Mvua

Kinondo,
S.L.P. 318,
Ukunda.

Jumapili, 1 Agosti 1999

Mpendwa Shangazi Kavenya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mjomba Kaloki na mdogo wangu Mwendwa mkiwa wazima huko Francistown, na kwamba ile baridi uliyoniandikia imeanza kupungua. Ulisema asubuhi maji ya bombani yanawauma vidole. Huku kwetu ni upepo na mawingu tu, nasi tukijifunika shuka mbili tunajiona tunateseka.

Mama ni mzima. Goti lililokuwa likimsumbua wakati wa mazishi ya baba limepoa, na anatembea mpaka shambani bila fimbo. Mimi pia ni mzima. Shule tunafunga Ijumaa, na katika mtihani nimepita masomo yote isipokuwa kilimo, jambo ambalo baba angelicheka kwa wiki nzima.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Uliniuliza jambo moja tu: katika zile programu tatu za kuhifadhi nakala nilizokutajia, tuchague ipi kabla ya mwaka wa elfu mbili kuingia na kompyuta kuchanganyikiwa kama watu wanavyosema. Ulitaka jibu la mistari miwili. Nimejaribu mara nne kuliandika hivyo nikashindwa, na ukisoma utaona kwa nini.

Nianze na mashine zenyewe, maana ulipokuja kwenye mazishi hukupata nafasi ya kuziangalia. Ni zile tatu ambazo baba alizinunua kwa bei ya chini wakati hoteli alikokuwa akifanya kazi ilipofungwa, baada ya watalii kuacha kuja. Bado zina vibandiko vya hotelini, na tunaziita kwa vibandiko hivyo. Mapokezi ndiyo nzuri kuliko zote. Jikoni ina mafuta katikati ya vitufe, na ikipata moto hunuka bizari. Ghala ndiyo iliyokuwa ya baba mwenyewe, na ndiyo yenye barua zake zote, hesabu zake za miche na mambo yake mengine. Kazi za wateja sasa nachapa mimi jioni nikitoka shule.

Programu ya kwanza ni ile iliyokuja pamoja na mashine. Hailipiwi. Hufunga kila kitu kuwa mzigo mmoja, kisha huugawa mzigo huo kwenye disketi. Vitu vyetu vilichukua disketi ishirini na tatu, nami nilikaa nazo kuanzia baada ya ibada hadi saa kumi, natoa moja naingiza nyingine. Ubaya wake ni kwamba disketi moja ikiharibika, mzigo wote haufunguki. Unaijua hewa ya huku, Shangazi. Disketi ya tisa niliikuta ina ukungu ndani kama ule wa mkate, na zile ishirini na mbili nyingine zikawa hazina maana.

Ya pili alinipa Abdulaziz, fundi wa kompyuta wa Ukunda ambaye baba alikuwa akinunua vipuri kwake. Hii huangalia ni mafaili gani yamebadilika tangu mara ya mwisho, hukuonyesha orodha yenye jina la kila faili pamoja na siku na saa lilipobadilishwa, kisha ukikubali huyanakili hayo tu. Nilivuta waya kutoka Ghala hadi Mapokezi kama baba alivyonionyesha, na kazi ya mchana mzima ikawa ya dakika kumi. Nakala mpya hukaa juu ya ile ya zamani, na ya zamani hupotea. Ukiilipia mara moja unaitumia kwenye mashine zote za nyumba. Usipoilipia, baada ya siku thelathini huanza kukukumbusha kila ukiiwasha, kwa adabu lakini bila kuchoka.

Ya tatu ni ile inayouzwa ndani ya kasha, uliyoiona dukani Gaborone. Hiyo haipotezi cha zamani. Kila faili likibadilika huweka pembeni nakala yenye tarehe, hivi kwamba unaweza kurudi ukaliona lilivyokuwa Jumatatu, na lilivyokuwa Jumanne, na lilivyokuwa Jumanne hiyo hiyo jioni. Lakini inataka kasha moja kwa kila mashine, na diski kubwa kuliko zetu. Abdulaziz nilipomuuliza alisema, "Hiyo, binti Nzioka, ni ya benki. Nyinyi mna benki?"

Uliandika kwamba wewe na Mjomba mmekubaliana kujinyima mtununulie hiyo ya tatu. Kabla hamjainunua, naomba unisikilize. Jambo lenyewe sijamwambia mtu yeyote.

Siku uliyoondoka baada ya mazishi, ukiwa unafunga sanduku, ulinishika mkono ukaniambia nisipoteze hata herufi moja ya kaka yako. Nilikuahidi. Nilianza mwezi wa Machi na ile programu ya pili. Kila Jumapili tukitoka kanisani niliwasha mashine zote tatu nikasoma orodha. Ilikuwa fupi: kadi za harusi, mitihani ya shule ya msingi, barua ya mzee mmoja wa Munje kwa mwanawe aliyeko Maskati. Nilikuwa nakubali, inanakili, nazima.

Tarehe 18 Aprili orodha ilikuwa na mstari ambao sikuutarajia. Mashine: Ghala. Faili: MVUA. Limebadilishwa Ijumaa, saa nne na dakika tano asubuhi.

Huenda hukuwahi kuliona faili hilo. Baba alikuwa na kopo la rangi alilolikata mdomo na kulitega kwenye kisiki nyuma ya jiko. Kila asubuhi alipima maji kwa rula akaandika mstari mmoja. Mistari yenyewe ilikuwa mifupi kama mazungumzo yake. "Milimita 12. Mikorosho ya chini imepata." "Jua. Hakuna." Wa mwisho ni wa tarehe 3 Februari: "Jua kali. Hakuna. Kichwa kinaniuma." Jumanne iliyofuata ndiyo tuliyompoteza.

Nikalifungua. Chini ya "Kichwa kinaniuma" palikuwa na mstari mwingine: "Aprili 16. Mvua tangu alfajiri. Kopo vidole vitatu."

Niliinuka nikaenda kusimama uani, kwenye jua.

Ijumaa saa nne mimi nilikuwa shuleni. Mama saa hiyo huwa shambani, na ufunguo wa nyumba huufunga kwenye pindo la leso yake. Wateja huja jioni tu. Mama mwenyewe sikumfikiria hata kidogo, kwa sababu sijawahi kumwona akigusa kitufe. Mteja akija huniita, "Syovata, kuna mtu wa mashine zako," na akizifuta vumbi huzifuta haraka, kama sufuria yenye moto.

Halafu vile vidole. Baba hakuwahi kupima mvua kwa vidole. Nilifikiri: huko aliko hana rula. Najua hiyo si fikira ya msichana wa Kidato cha Tatu anayesoma fizikia, lakini ndiyo iliyonijia, na ilipokuja haikuondoka.

Nikaikumbuka ahadi yangu kwako. Yeyote aliyekuwa ameandika, faili halikuwa tena kama baba alivyoliacha. Basi sikukubali linakiliwe. Nilichukua ile nakala ya wiki iliyotangulia kutoka Mapokezi, nikairudisha Ghala juu ya lile lililobadilika. Mstari ukatoweka. Nikazima mashine, nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mistari minne mipya.

Nilikwenda kwa Abdulaziz nikamuuliza kama kuna virusi vinavyoweza kuandika.

"Vyaandika nini?"

"Mvua."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kiswahili."

Alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kulehemu. "Virusi vya Kiswahili! Viletee hapa, binti Nzioka, nivipe kazi. Mimi sina karani."

Sikumwambia zaidi. Nilirudi nyumbani nikang'oa waya wa umeme wa Ghala ukutani. Siku sita baadaye niliukuta umelala sakafuni vile vile, na faili limebadilika.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyingine kwangu. Nikipita sebuleni nilikuwa napita upande wa Jikoni, ili Ghala isiwe nyuma yangu. Niliitandikia kitambaa. Nikiwa darasani, ikifika saa nne, kalamu ilikuwa inasimama yenyewe, nikawaza: sasa hivi.

Mwezi wa Mei mistari ikaacha kuwa ya mvua peke yake. "Mei 6. Kopo limejaa likamwagika. Ng'ombe ameingia kwenye mihogo." "Mei 11. Hakuna. Machungwa yanaanguka mabichi." Kisha, tarehe 14: "Kidole kimoja. Mtoto amekonda. Hasemi kitu. Akila hula kama mgeni."

Mama huniita Syovata. Aliyekuwa akiniita mtoto ni baba, hata mbele ya wateja, hata nilipomwomba aache.

Shangazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na papo hapo nikafurahi. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kifuani pamoja. Nilisoma mstari ule mpaka nikaushika kwa moyo. Halafu nikaufuta, nikilia, kwa sababu nilikuwa nimekuahidi.

Jumapili ya tarehe 23 mti uliangukia nyaya na hatukuwa na umeme mpaka Jumatatu. Sikuweza kuirudisha nakala. Wiki ile mama alikuwa hali. Alikaa kwenye kizingiti cha jikoni ameshika mwiko, chungu kikaungua, na nilipomuuliza alisema ni hali ya hewa. Jumapili iliyofuata nikalifungua faili nikakuta mistari ya wiki mbili, na wa mwisho ulisema: "Mei 28. Vidole viwili. Wiki hii hukuja."

Nilidhani ni baba ananiambia mimi. Kaburi unalijua lilipo, chini ya mikorosho, na kweli nilikuwa na muda mrefu sijafika. Nilikwenda siku hiyo hiyo na nguo za kanisani, nikang'oa magugu yote kwa mkono, nikamwomba radhi kwa sauti. Kisha nikarudi nyumbani nikafuta mistari yote, na huo wa "hukuja" pamoja nayo.

Sasa nikueleze Alhamisi ya tarehe moja Julai. Pampu ya shule iliharibika, hatukuwa na maji hata ya kunywa, tukaruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi. Nilifika saa nne hivi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na barazani palikuwa na ndara za Bi Mwanapili, jirani yetu, yule mama mwenye ng'ombe, ambaye siku ya mazishi alikupikia uji wa mchele.

Nilivua viatu kwa sababu vilikuwa na matope. Ndipo nikasikia kitufe. Ta. Kimya kirefu. Ta.

"Ameyachukua tena," mama alikuwa akisema.

"Yote?" Bi Mwanapili akauliza.

"Yote. Hata yale ya ng'ombe wako."

"Ala! Basi na mimi nishajulikana huko!" Bi Mwanapili akacheka. "Mwandikie alikuwa ndama, si ng'ombe mzima. Asije akanidai mihogo siku nitakayofika."

Mama naye akacheka. Shangazi, sikuwa nimemsikia mama akicheka tangu Februari.

"Yake hayagusi," akasema. "Yake huyaacha, yangu huyachukua. Alipokuwa hai nikimwambia neno husema ngoja kwanza nimalize hili. Sasa ananisikiliza mpaka mwisho."

"Si nilikwambia, shoga? Sisi tukimwekea marehemu chakula, asubuhi kikiwa bado kipo, moyo huingia hofu. Kikiwa hakipo, tunajua amepokea. Ile wiki aliyoacha kuchukua, si ulikuja kwangu unatetemeka?"

"Nilidhani amechoka nami."

"Achoke nawe ana kazi gani nyingine? Andika, Mama Syovata. Mwambie na habari za mtoto wake."

Ta. Kimya. Ta.

Nilisimama barazani na viatu mkononi. Halafu nikarudi njia niliyojia, nikaenda kukaa nyuma ya kanisa mpaka saa kumi, nikaingia nyumbani kama mtu aliyetoka shule.

Sisi hatuweki chakula makaburini, unajua. Zamani Bi Mwanapili akizungumza habari hizo mama alikuwa akinyamaza na kubadilisha mazungumzo. Lakini kopo la mvua liliendelea kujaa baada ya baba kuondoka, na nadhani mama hakuweza kulimwaga kila asubuhi bila kumwambia mwenyewe lilikuwa na kiasi gani. Akaandika. Maneno yakaondoka. Mtu pekee aliyekuwa na maelezo ni Bi Mwanapili.

Nilihesabu. Jumapili kumi. Maneno ya mama ya Jumapili kumi nimeyafuta mimi kwa mkono wangu, na hayako kwenye disketi, hayako Mapokezi, hayako popote. Uliniambia nisipoteze herufi, na za baba sikupoteza hata moja. Za mama nimezipoteza zote. Alikuwa chumba cha pili, Shangazi, akimwandikia mtu mwingine kwamba nimekonda, nami nikasoma nikidhani inabidi mtu afe ndipo aone.

Tangu siku ile nilikuwa na mambo matatu mbele yangu na yote mabaya. Nikiacha kuyaondoa maneno, mama atadhani baba amechoka naye, na ile wiki ya Mei nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nikiendelea, nitakuwa namdanganya mama yangu kila Jumapili nikitoka tu kanisani. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemwondolea baba mara ya pili.

Jumapili mbili nilifanya la katikati. Nilinakili maneno yake kwenye disketi moja isiyo na jina, kisha nikayaondoa kwenye Ghala kama kawaida. Niliificha disketi ndani ya kamusi. Sikupata usingizi mzuri hata siku moja. Nilikuwa namwona asubuhi akienda kuangalia kopo anatembea upesi, kama mtu mwenye barua ya kupeleka.

Jumamosi ya tarehe 17 Julai mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nachambua mchele. Sikuwa nimepanga. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mama, maneno yako nimeyatoa mimi."

"Maneno gani?"

"Ya mvua. Kila Jumapili. Nilikuwa sijui ni yako."

Aliendelea kukuna. Nazi ilipokwisha akaendelea kukuna kifuu.

"Uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Hata lile la kukonda?"

"Hata hilo."

"Na bado huli," akasema.

Nikalia, naye akaniacha nilie, akaweka kifuu chini akaanza kukuna cha pili. Kisha akanieleza mwenyewe, bila mimi kumuuliza. Baba alimfundisha mwaka jana, asubuhi, mimi nikiwa shuleni. Mama aliachia shule darasa la nne kule Mwala, akaona haya nisije nikamcheka. Nisingemcheka, Shangazi. Lakini ni kweli kwamba sikuwahi kufanya lolote la kumwonyesha kuwa nisingemcheka. Waya wa umeme alikuwa anauchomeka na kuung'oa tena kila mara, kwa hofu ya radi.

Nilikwenda kuleta ile disketi. Nilidhani atafurahi kwamba walau ya wiki mbili yapo.

"Yafute," akasema.

"Mama, Shangazi aliniambia nisipoteze..."

"Shangazi yako alisema ya kaka yake. Haya ni yangu. Nilimwandikia yeye, sikuandika yawekwe." Akaikung'uta leso yake. "Na Jumapili uendelee kuyatoa kama ulivyokuwa ukifanya. Ila usiyasome."

"Lakini sasa unajua kuwa ni mimi."

"Najua. Wapelekee kuku machicha haya."

Niliifuta disketi mbele yake. Jumapili ya tarehe 18 niliyatoa maneno huku nimeziba kioo kwa daftari, sikuona hata tarehe. Mchana ule mama alinipakulia wali mara mbili, nikala.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na kwamba sasa ningeweza kukuandikia ile mistari yako miwili.

Lakini Jumapili iliyopita, tarehe 25, orodha ilisema faili la mvua limebadilishwa Ijumaa, saa nne na dakika kumi. Nilichukua daftari nizibe kioo. Nilipoangalia kwa pembe ya jicho nipate pa kuanzia kufuta, hapakuwa na cha kufuta. Palikuwa na mistari ya baba mpaka "Kichwa kinaniuma," na chini yake peupe. Niliteremsha ukurasa mpaka mwisho. Peupe.

Leo pia. Ijumaa, saa nne na robo. Peupe.

Inawezekana mama anayafuta mwenyewe, akinionea huruma. Ingawa siku ile kwenye nazi aliniambia kuwa baba alimfundisha kuandika na kuhifadhi tu. Kufuta alikataa kumfundisha, akiogopa kazi za wateja zisije zikapotea. Inawezekana amejifundisha. Inawezekana pia kwamba sasa hukaa pale bila kuandika neno, akahifadhi ukurasa kama ulivyo, akainuka. Sijamuuliza. Hivi ninavyokuandikia yuko jikoni, na anaimba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Shangazi. Msinunue ile ya kasha. Bei yake ni kubwa na diski zetu ni ndogo, na hizo ni sababu za kweli ambazo unaweza kumpa Mjomba. Lakini sababu yangu ni nyingine. Programu ile huweka kila kitu. Ningekuwa nayo, ningeweza kuifungua Ijumaa ile nikaona saa nne na dakika kumi palikuwa na maneno gani, na saa nne na dakika kumi na moja yalikwenda wapi. Nami najijua. Ningefungua.

Tulipieni ile ndogo, ya pili, inayoshika cha mwisho tu. Inatosha kwa kadi na mitihani. Ya kaka yako yote yako salama, nakala tatu: moja Mapokezi, moja kwenye disketi ndani ya kopo lenye mchele wa kunyonya unyevu, na moja kwa Bi Mwanapili, ndani ya kasha la leso zake, ambalo hata wajukuu wake hawaruhusiwi kuligusa. Mwaka wa elfu mbili na uje.

Nakuomba usimwandikie mama kuhusu haya. Ukimwandikia, muulize tu habari za mvua. Atafurahi kuulizwa na mtu.

Nifikishie salamu kwa Mjomba Kaloki, na umwambie ile kamusi aliyoniletea naisoma kila siku. Mbusu Mwendwa kwa ajili yangu. Mama anakusalimu sana, na Bi Mwanapili anasema uji wako wa mchele bado uko mekoni, urudi uumalizie. Mungu awakinge na baridi na kila baya, awape riziki ya huko na njia ya kurudi huku.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Syovata Nzioka